Cartagena au San Juan: Matembezi ya Miguu na Mwongozaji

Kwa mgeni mwenye siku moja tu ya kutembezwa katika mji wa bandari uliojengwa na Wahispania, Cartagena ya Kolombia, iliyoanzishwa mwaka 1533, na San Juan ya Puerto Rico zinafanana kwa kuta na kwa joto, ila si kwa simulizi. Ukishavuka lango la Mnara wa Saa mjini Cartagena, unaingia uwanja wa Plaza de los Coches, ambako Waafrika waliotekwa waliuzwa. Mwongozaji mzuri hukawia hapo kabla ya kuelekea kanisa la San Pedro Claver, ambamo mifupa ya padri huyo aliyewahudumia watumwa imehifadhiwa kwenye sanduku la kioo, chini ya altare. San Juan ni mji wa ngome zaidi: El Morro, iliyoanza kujengwa mwaka 1539, inalinda mlango wa bandari, na uwanja wa nyasi ulio mbele yake hauna kivuli, kwa hiyo usisahau kofia. Mitaa yake ya mawe ya buluu ina miinuko. Cartagena ni tambarare. Mimi ningechagua Cartagena, kwa kuwa ngome mtu anaweza kuizunguka peke yake, ilhali uwanja ule wa mnada, ambao leo pembeni mwake huuzwa peremende za nazi, haujielezi bila msimulizi.