Namba 116 mikononi mwa jumuiya: tathmini ya huduma kwa waumini wa Nyanda za Juu Kusini

Huduma tunayoipima hapa, kwa upande wa biashara haramu ya kusafirisha watoto kwenda kunyonywa, ni simu ya bure ya mtoto, 116, pamoja na ofisi mbili zinazopokea kazi yake huku Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe: Ustawi wa Jamii wa halmashauri, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Tumeipima kwa mahitaji ya mtu mmoja: muumini aliyeketi kwenye jumuiya, kikundi cha sala cha waumini majirani, Jumamosi asubuhi, akasikia kwamba binti wa jirani, aliyemaliza darasa la saba juzi tu, amechukuliwa alfajiri na "shangazi" ambaye ukoo haumjui, anapelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani.

Alama zetu: 116 tunaipa nne kati ya tano. Ustawi wa Jamii nne, kwa anayefika na taarifa kamili. Dawati la Jinsia tatu na nusu. Makanisa yetu wenyewe, ambayo ndiyo yanayojua mapema kuliko ofisi yoyote, tunayapa mbili. Sababu tutazieleza.

Tuanze na simu. 116 ni bure, inapigwa bila vocha kwa mitandao yote, usiku na mchana. Inaendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na serikali. Anayepokea amefunzwa kuzungumza na mtoto, kwa hiyo mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na mpigaji halazimiki kutaja jina lake. Hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Vijijini kwetu mpeleka watoto mara nyingi ni mtu wa hapo hapo: mama wa kitongoji, binamu aliyehamia mjini, pengine muumini mwenzetu. Watu hunyamaza kwa kuogopa kuvunja undugu, na simu isiyodai jina inawaondolea hofu hiyo.

Lakini 116 haina gari. Mshauri anayepokea huandika taarifa na kuikabidhi kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika, na polisi wakihitajika nao wanaingia. Kwa hiyo kasi ya msaada inategemea sana alichokisema mpigaji katika dakika tano za kwanza. Simu inayosema "kuna mtoto anateswa huko Dar" haina pa kuanzia. Ukitaka ifanye kazi, kabla ya kupiga kusanya haya: jina la mtoto la shuleni na lile analoitwa nyumbani, kwa sababu mara nyingi hayafanani; umri, au darasa la mwisho na shule aliyosoma; kijiji, kata na wilaya; nguo alizovaa; jina na namba ya simu ya aliyemchukua; jina la basi, namba ya usajili hata kama ni herufi tatu za mwisho tu, saa lilipoondoka na stendi ilikuwa ipi, Igumbilo, Mafinga, Makambako au Nane Nane; na mahali alikoambiwa anapelekwa. Ukikosa vitatu kati ya hivyo piga hivyo hivyo, usisubiri. Omba uelezwe taarifa imepelekwa ofisi gani, uandike tarehe na saa uliyopiga.

Saa ndiyo kila kitu. Basi lililoondoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu bado liko kati ya Ruaha Mbuyuni na Mikumi. Polisi wa Morogoro wana nafasi ya kulisubiri Msamvu, na wakilikosa, kuna kituo cha Magufuli pale Mbezi, lango moja linalojulikana. Akishashuka Mbezi na kuingia bajaji, unatafuta mtu mmoja katika jiji zima. Ndiyo maana kama basi bado liko njiani, piga 112 ya polisi kwanza, halafu 116. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, watoto wanaweza kuondoka saa nne usiku wakati kijiji kimelala, na taarifa ikija asubuhi safari imekwisha. Anayetaka kuwahi anapaswa kujua habari kabla ya tiketi kukatwa.

116 ina upungufu mwingine, nao hauepukiki: ni huduma ya mtoto, yaani mtu aliye chini ya miaka 18. Dada wa miaka 21 aliyenyang'anywa simu na mshahara nyumbani kwa mwajiri anahitaji polisi au Dawati la Jinsia, na kwa madai ya mshahara, afisa kazi wa mkoa au chama cha wafanyakazi CHODAWU. Kwa anayeahidiwa kazi Uarabuni, swali la kwanza ni kama wakala ana leseni. TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ndiko pa kuuliza, na aulize kabla hajatoa pasipoti yake mkononi.

Sasa sheria, kwa ufupi, maana bila hiyo tutapiga simu kwa kila dada wa kazi, nao wengi wanafanya kazi halali kwa watu wema. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji Binadamu ya mwaka 2008 inatazama mambo matatu: kitendo (kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi, kumpokea), njia (nguvu, vitisho, ulaghai, kutumia umaskini wake), na lengo (kumnyonya kwa kazi au ngono). Kwa mtoto njia haihitajiki kuthibitishwa. Akichukuliwa kwa ajili ya kunyonywa, hata kama alikubali mwenyewe akicheka, hata kama mama yake alimfungia mizigo, kosa limetimia. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, inakataza kazi hatarishi kwa aliye chini ya 18, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Binti wa miaka 13 anayeamka saa kumi kuchemsha maziwa ya mtoto wa bosi amevunjiwa sheria mbili kabla jua halijachomoza.

Dalili za utumwa wenyewe ni za kawaida mno, ndiyo maana hupita machoni. Mshahara "unatunzwa na bosi." Nauli imegeuka deni. Simu imechukuliwa "asije akapotoka." Hajaruhusiwa kwenda ibadani hata mara moja. Akipiga nyumbani, anapiga kwa simu ya bosi na bosi amesimama pembeni. Ahadi ya kusomeshwa cherehani haitajwi tena. Dalili mbili au tatu kwa pamoja zinatosha kupiga simu. Kuthibitisha ni kazi ya afisa.

Huku kwetu wapo pia wahamiaji wanaopitishwa kwenye barabara kuu kuelekea Tunduma, wengi wao Waethiopia wanaokwenda Afrika Kusini. Hao wengi wamelipa wavushwe mpaka. Ni magendo ya wahamiaji, kosa la namna nyingine, ingawa njiani wengi hugeuzwa mateka wa madalali. Juni 2012 miili ya zaidi ya 40 ilikutwa Chitego, wilayani Kongwa, baada ya watu kukosa hewa ndani ya lori. Muumini akiwakuta porini, awape maji na chakula, kisha apige polisi saa hiyo hiyo. Kuwaficha nyumbani au kuwasogeza kwa pikipiki, hata kwa huruma, kunaweza kumfanya ahesabiwe msafirishaji.

Ustawi wa Jamii ndio uti wa mgongo wa kazi hii. Ofisi iko kwenye kila halmashauri, na baadhi ya kata zina afisa wao. Wao ndio wenye mamlaka ya kumwondoa mtoto kwenye hatari, kumpeleka nyumba salama, na kuchunguza kama nyumbani kwao kunafaa kumrudisha. Taabu inakuwa usafiri: eneo ni pana, na gari la halmashauri lina kazi nyingi. Hapa parokia ya Wakatoliki, usharika wa Walutheri au ushirika wa Wamoraviani unaweza kusaidia bila kuvuka mpaka, kwa kuchangia mafuta kupitia ofisi, kwa risiti, na kumwacha afisa afanye kazi yake. Msaada mwingine mkubwa zaidi ni watu. Afisa anahitaji familia za walezi wa kuaminika, zilizochunguzwa na kuandikishwa, zinazoweza kumpokea mtoto kwa siku au wiki kadhaa. Jumuiya yenye familia mbili za namna hiyo inafaa kuliko semina kumi.

Dawati la Jinsia liwe la kwanza pale kunapokuwa na kipigo au ubakaji. Aliyebakwa afike hospitali haraka iwezekanavyo na isipite saa 72, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai tena baada ya hapo. Asioge, na nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu namba 3 ya polisi, PF3, itolewe na itunzwe. Tumepunguza alama kwa sababu mwathirika akikutana na askari tofauti kila anaporudi, huanza kueleza upya, na kila akieleza anaumia upya. Mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) au wa umoja wa wanawake wa usharika amsindikize kila mara, awe yule yule, akae kimya, aandike namba ya jalada.

Tunarudi kwenye zile alama mbili za kanisa. Makanisa huku yana kila kinachohitajika: Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, Walutheri na Wamoraviani wana ibada za nyumba kwa nyumba, na kila mlango unajulikana. Hata hivyo mlango huo huo hutumiwa na dalali. Tangazo la "anahitajika binti mwaminifu, Mkristo" husomwa baada ya ibada bila kuulizwa nani anahitaji. Barua ya utambulisho hutolewa kwa mtoto wa miaka 14 bila swali, naye mzazi anaiona kama baraka ya safari. Tunashauri hivi. Lisisomwe tangazo la kazi ya ndani lisilo na jina la mwajiri, mtaa, namba ya simu na mshahara. Asipewe barua aliye chini ya miaka 18 kabla mzee wa kanisa hajampigia mwajiri na mwenyekiti wa mtaa wa huko aendako. Aliyefikisha 18 aondoke akiwa na nakala ya masharti ya kazi yaliyoandikwa na kusainiwa, na namba tatu za simu alizozikariri kichwani, kwa sababu karatasi hupotea na simu huchukuliwa.

Kisha daftari. Daftari moja la kaunta kwa kila jumuiya, katibu analishika: jina, umri, tarehe ya kuondoka, aliyempeleka, mwajiri, mtaa, tarehe ya simu ya mwisho. Anayeishi mbali apigiwe baada ya siku saba, baada ya mwezi, kisha kila miezi mitatu, na katibu aombe kuongea naye peke yake. Simu mbili zikikosa majibu, 116 au polisi. Daftari lifungiwe, lisipigwe picha. Msimu wa kulishika kwa nguvu zote ni kuanzia Septemba, mtihani wa darasa la saba unapomalizika, hadi Machi, kipindi ambacho ghala ni tupu na mahindi mapya bado. Mzazi mwenye njaa hashindani na nauli iliyolipwa tayari. Debe mbili za mahindi kutoka mfuko wa diakonia, yaani wa kuwahudumia wahitaji, mwezi Februari zinaweza kumbakiza mtoto nyumbani.

Yanayoharibika tunayafahamu, na mengi yanatokana na wema. Vijana wa kwaya wanakwenda kumtoa binti kwa nguvu, mwajiri anamhamisha usiku, ushahidi unapotea. Mtu anampigia dalali "kumwonya," naye anazima simu. Picha ya mtoto inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp na kubaki humo miaka yote ya uhai wake. Mchungaji anamchukua mtoto kwake bila kuiarifu Ustawi wa Jamii, na kesho anajibu maswali ya polisi yeye. Anayerejea anasimamishwa madhabahuni kutoa ushuhuda kabla hajapona. La hatari kuliko yote, anarudishwa moja kwa moja kwa mzazi aliyepokea fedha, na msimu unaofuata anaondoka tena, safari hii na mdogo wake.

Tarehe 8 Februari, kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, mwanamke wa Darfur aliyeuzwa utotoni na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000, Wakatoliki wanaiadhimisha tangu 2015 kama siku ya sala dhidi ya biashara hii. Madhehebu mengine yana 30 Julai ya Umoja wa Mataifa. Sala ifanyike, na siku hiyo hiyo daftari lipitiwe jina kwa jina.

Mlangoni pa kanisa ibandikwe karatasi moja yenye maandishi makubwa: 116, 112, namba ya afisa ustawi wa jamii, namba ya Dawati la Jinsia la wilaya. Nyingine ibandikwe ndani ya choo cha wanawake, ambako binti anaweza kuisoma bila bosi wake kumwona. Zibadilishwe kila miezi mitatu, maana maafisa huhamishwa, na kila mara mtu azipigie kwanza kuhakikisha zinapokelewa.