Fimbo, rili na mshipi: seti tatu ninazovulia na ninavyozipima

Mtu akiniuliza anunue fimbo gani ya kuvulia, mimi humuuliza anamtaka samaki gani na samaki huyo anakaa wapi majini. Anayetafuta perege kwenye bwawa lililotulia na anayerusha chambo baharini kupita mawimbi hawafanyi kazi moja, ingawa wote wameshika fimbo. Kwa miaka sasa nimekuwa na seti tatu: nyepesi ya maji baridi, ndefu ya ufukweni na fupi ya kwenye boti.

Seti nyepesi ndiyo niipendayo kuliko zote. Fimbo ina mita 2.1, rili (kifaa cha kuzungushia mshipi) ni ndogo, saizi 2500, mshipi ni nailoni ya kilo 3, yaani unaohimili mvuto wa kilo 3. Perege ana mdomo mdogo na hudonoa kwa woga, kwa hiyo namtegea ndoana namba 8 au 10. Wanunuzi wengi huchanganyikiwa hapa: namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo. Namba 10 ni ndogo kuliko 8, na 8 ni ndogo kuliko 1. Ukivuka namba 1 ndipo zinakuja 1/0, 2/0 na kuendelea, na hizo zinakua kadiri namba inavyopanda. Fimbo hii ina ncha laini inayotikisika hata kwa mdonoo mdogo, na samaki wa nusu kilo tu anakupa raha ya kutosha. Kwa kambare mkubwa siithubutu. Huyo hukimbilia magogo na mizizi, anahitaji mshipi mnene na fimbo yenye mgongo.

Ya ufukweni ina mita 3.9 na rili kubwa, saizi 8000. Urefu wote huo una kazi: unarusha mbali, na unaubeba mshipi juu ya mawimbi yanayovunjika. Kabla ya kununua, soma maandishi yaliyo juu kidogo ya mshikio. Yangu imeandikwa gramu 80 hadi 150, yaani uzito wa chubwi (kizito kinachozamisha mshipi) inaoumudu. Ukirusha chini ya hapo fimbo haijipindi, ukizidisha unaweza kuivunja. Kwenye mchanga chubwi ya piramidi hujichimbia na kutulia, wakati ya duara hubingirika na mkondo hadi mishipi ya jirani. Kwenye miamba naifunga chubwi kwa kipande cha mshipi dhaifu kuliko mshipi mkuu, ili ikinasa ikatike yenyewe na ndoana irudi na samaki wake. Ubaya wa seti hii ni uzito. Asubuhi nzima ya kurusha inachosha mabega, na samaki mdogo akidonoa humsikii kabisa.

Kwenye boti hakuna haja ya kurusha mbali, kwa hiyo fimbo ya mita 1.8 iliyo nene inatosha. Kazi yake ni kumwinua samaki kutoka chini. Hapa natumia mshipi wa kusuka. Haunyumbuki kama nailoni, na mdonoo wa mita 40 chini unafika mkononi waziwazi. Tena kwa nguvu ileile ni mwembamba zaidi, hivyo bobini, sehemu ya rili unapojiviringisha mshipi, inabeba mwingi na mkondo hauuvuti sana. Lakini ukisugua mwamba hukatika upesi, na ukiuvuta kwa mkono mtupu unakata vidole. Mwishoni naunga mita moja na nusu ya fluorokaboni, mshipi wa plastiki ngumu, ambayo inastahimili msuguano na haionekani kirahisi majini kwa sababu inapinda mwanga karibu sawa na maji yenyewe. Kwa nguru na mzia hata hiyo haitoshi, meno yao yanataka waya.

Ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, nimeizoea kwenye boti na naisifu sana. Samaki akila, usimkwanyue. Zungusha rili polepole tu, nayo itamshika kwenye pembe ya mdomo badala ya tumboni. Samaki mdogo unayemrudisha majini anabaki na nafasi nzuri ya kuishi.

Sasa rili. Maduka hupenda kukuonyesha idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi. Mimi nashika breki, sehemu inayouachia mshipi utoke samaki akivuta kwa nguvu. Navuta mshipi kwa mkono taratibu: ukitoka kwa mwendo mmoja, laini, rili hiyo ni nzuri, ukitoka kwa kushtuka-shtuka, nairudisha kabatini hata iwe inang'aa vipi. Samaki mkubwa hukata mshipi katika mshtuko huohuo, anapoanza kukimbia na breki inachelewa kuachia. Mshipi wa kilo 9 naufungia breki ianze kuachia kwenye kilo 3 hivi, nikipima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza. Rili yangu ya ufukweni imenipendeza kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote, ingawa mkono wake wa kuzungushia una sauti.

Kila nikitoka baharini nasuuza fimbo na rili kwa maji baridi ya kumwagika polepole, kwa sababu maji yenye kasi huisukuma chumvi ndani. Kisha nalegeza breki kabla ya kuhifadhi, ili sahani zake zisikae zimebanwa. Mshipi wa nailoni nauweka mbali na jua, na nikiupitisha kati ya vidole nikakuta mkwaruzo, nakata kipande hicho na kufunga ndoana upya.