Baada ya Mayele: kununua mshambuliaji au kumwamini Mzize?

Mshambuliaji wetu Fiston Mayele alipokwenda klabu ya Pyramids ya Misri mwaka 2023, Yanga tulibaki na pengo kubwa: mabao 17 ya ligi, na tuzo ya mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika. Njia zilikuwa mbili.

Ya kwanza, kusajili mshambuliaji wa kigeni. Alikuja Hafiz Konkoni kutoka Ghana. Dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, likamwondoa, akaingia Joseph Guede. Mgeni huja na uzoefu, ila anahitaji muda, na Jangwani, makao ya Yanga, muda haupo. Mechi tatu bila bao, jukwaa zima linanung'unika.

Ya pili, kumpa nafasi Clement Mzize, kijana aliyelelewa kwetu. Alikosa mabao ya wazi, nakubali. Lakini mbio zake ziliwavuta mabeki na kuwafungulia viungo njia. Kiungo wetu Aziz Ki akamaliza msimu wa 2023/24 na mabao 21, tukabeba ubingwa bila namba tisa (mshambuliaji wa kati) wa kutisha. Msimu uliofuata Mzize mwenyewe akafunga 14.

Mimi namchagua Mzize, hata yule wa mwanzo aliyekosa mabao. Fedha ya usajili iende kwenye kiungo, kama ilivyokwenda kwa Pacôme Zouzoua na Maxi Nzengeli.