Laptopu ya gemu, chaja ya ofisini

Naandika hii nikiwa na hasira bado kwa hiyo mnivumilie. Nilijiambia nitulie kwanza ndio niandike lakini kila nikitulia nakumbuka yule dada wa kaunta alivonitazama na roho inaniuma upya, basi bora niandike tu.

Mi nina kibanda cha mobile money Wandegeya hapa Kampala, sio kikubwa, na kwa muda mrefu nimekuwa naweka faida pembeni kidogo kidogo, floti sigusi maana hiyo ni pesa ya kazi, lengo ninunue laptopu ya gemu. Laptopu ya gemu kweli, sio za kuandikia barua halafu wameibandika stika nyekundu. Sisi tumekulia Bombo, baba alikuwa askari, mimi na dogo wangu tulikuwa tunacheza kwenye kompyuta ya mjomba ambayo kila ukifika golini inaganda, ikizinduka mpira ushatoka zamani. Tulikuwa tunabishana nani angefunga. Nilijiapiza kwamba siku nikiwa na hela yangu tutacheza mechi mpaka mwisho bila kitu kukwama, na dogo alilijua hilo, alikuwa ananiuliza kila wikendi bhaiya, yaani kaka, imefika ngapi.

Mambo ya prosesa na skrini mtayatafuta wenyewe, yapo kila mahali. Nitasema tu ni mtumba, kadi ya picha ni RTX 3060, na kampuni iliyoitengeneza siitaji jina kwa sababu kosa sio lao. Duka nalo silitaji. Ni ghorofani katikati ya Kampala, anayepanda zile ngazi kutafuta simu na laptopu anajua maduka yalivobanana pale.

Kitu kimoja nilikuwa nimeshasoma kabla ya kwenda, na ndio maana najiona sikwenda kizembe. RTX 3060 za laptopu sio zote sawa. NVIDIA wenyewe, wenye kadi hiyo, wanaruhusu kampuni ya laptopu iiwekee kuanzia wati 60 mpaka 115, jina lile lile, stika ile ile, lakini moja inapewa umeme karibu mara mbili ya mwenzake na kwenye gemu unaona wazi nani ameshiba na nani ana njaa. Nikamuuliza kijana muuzaji, na yeye wallahi alikuwa mpole, akafungua programu ya kupima akaniwekea gemu ya GTA V tukaiacha kama dakika kumi, wati zikapanda mia na kitu, fremu, yaani picha kwa sekunde, juu ya 90 hazitikisiki. Niliangalia ile skrini mpaka macho yakaniuma. Nikahesabu pesa mara mbili pale kaunta, shilingi 3,400,000, nikapewa risiti, laptopu na chaja vikaingia kwenye begi, nikapanda boda na begi nimelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Usiku wa kwanza nyumbani ikaanza vizuri. Halafu baada ya muda mfupi tu fremu zikashuka, 90, 60, 31, zikakaa 14. Kumi na nne! Gari linaruka ruka barabarani kama picha za kubandika ukutani. Nikaangalia betri, imechomekwa lakini asilimia zinashuka, yaani iko kwenye soketi na inakufa njaa.

Mi sikulaumu duka. Nililaumu umeme, maana mtaani kwetu jioni kila mtu akiwasha pasi taa zinafifia, nikaazima stebilaiza kwa jirani. Vile vile. Nikasema ni joto, nikanunua feni ya kuweka chini. Vile vile. Nikafuta Windows nikaiweka upya na gemu nikaipakua upya, hiyo ni zaidi ya GB 100, na mnajua data ya nchi hii tangu 2021 ina kodi yake ya asilimia 12 peke yake mbali na VAT, hiyo hela mpaka leo nikiikumbuka nasikia tumbo. Vile vile, 14. Dogo alikuja wikendi akakaa kitandani na kidhibiti mkononi akaangalia ikiganda, hakusema kitu, akasema tu tujaribu kesho bhaiya. Hiyo kesho ndio iliniumiza kuliko yote.

Mwisho rafiki akanipeleka Katwe kwa mzee mmoja Mkongomani anatengeneza laptopu, kachumba kadogo, meza imejaa skrubu kwenye vifuniko vya soda. Nilidhani atafungua mashine. Hakuigusa. Alishika chaja, akaigeuza, akaiweka chini ya taa, akaniambia soma. Nyuma kuna maandishi madogo sana, imeandikwa 19.5V, 4.62A. Akasema zidisha. Nikatoa simu, 19.5 mara 4.62, ikaja 90, yaani wati 90. "Ndugu yangu," akaniambia, "hii chaja haiko ya hii mashini. Hii iko ya mashini ya biro. Hii mashini inaomba 240." Biro kwao ni ofisi.

Akanionyesha ile ncha ya kuchomeka. Katikati ya tundu kuna kipini chembamba kama sindano. Kumbe hicho kipini hakipitishi umeme wa kazi, kazi yake ni kuiambia laptopu mimi ni chaja ya wati ngapi. Ncha ni saizi ile ile kwa chaja ndogo na kubwa, kwa hiyo inaingia sawasawa, taa inawaka, unaona kila kitu kiko salama, lakini laptopu imeshasikia 90 na inajibana yenyewe ili isije ikaiunguza. Betri inajaribu kuziba pengo mpaka inachoka. Kwa hiyo ile laptopu haikuwa mbovu hata siku moja, ilikuwa imefungwa kamba.

Nikamuuliza mzee, sasa mbona dukani ilikimbia? Akacheka kidogo akaniuliza, dukani ulicheki imechomekwa kwenye nini?

Hapo ndio damu ilinichemka. Kwa sababu nilikumbuka. Chini ya kaunta, karibu na miguu ya yule kijana, kulikuwa na chaja jeusi kubwa kama tofali, limefungwa utepe mweupe, waya wake unapanda juu kupitia tundu la meza. Niliiona kwa macho yangu na sikuielewa. Wananijaribishia kwa tofali la duka halafu kwenye begi wananiwekea ya laptopu ya ofisini.

Mzee akaongeza jambo lingine, akaingia kwenye baiosi, ile mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, kuna sehemu ya laptopu kukuonya kwamba chaja ni ndogo. Kawaida ukiwasha inakuandikia kabisa. Kwangu ilikuwa imezimwa. Siwezi kuapa nani aliizima, inawezekana aliyeitumia huko ilikotoka, hiyo nawaachia. Lakini imezimwa.

Nilirudi dukani siku hiyo hiyo, na nataka ieleweke nilikwenda kwa heshima. Kijana mpole hakuwepo, alikuwepo dada, nadhani ndiye mwenye mamlaka. Nikamsalimia kwa Kiganda vizuri, nnyabo, nikamweleza taratibu, nikamwonyesha namba. Akasikiliza nusu. Akasema chaja inaingia? Nikasema inaingia. Taa inawaka? Inawaka. "Sasa ssebo shida yako ni nini?" Nikasema shida ni wati, mlinijaribishia kwa ile iliyo chini ya meza. Akasema ile ni ya duka sio ya kuuza, na risiti imeandikwa laptopu na chaja, na chaja nimepewa. Hata hapo nilikuwa bado mtulivu.

Halafu simu ikaita, ni dogo, nikapokea, nikamjibu kwa Kiswahili kama tunavoongea siku zote nyumbani, dakika moja tu. Nilipokata nikaona uso wa yule dada umebadilika kabisa. Akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya chini, "Ono muyaaye." Huyu ni mhuni. Sijui alidhani nimesahau Kiganda ndani ya ile dakika moja. Kisha akanigeukia akaniambia mtu mzima hanunui laptopu ya kuchezea, laptopu ni ya kazi, na magemu ndio yanaziharibu.

Wazee wa hapa wanaoogopa Kiswahili nawaelewa, kilikuwa lugha ya wanajeshi, wengine walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na hilo siwezi kulifuta. Lakini yule dada ni rika langu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba iliporekebishwa 2005, mama yangu aliniimbia kwacho, na mimi nimempa 3,400,000 mkononi. Muyaaye ni nani pale?

Binamu yangu anasoma sheria aliniambia ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, ukimwambia muuzaji unataka kitu kwa kazi fulani na ukamtegemea yeye, basi kitu kile kiwe kinafaa kwa kazi ile, maandishi ya risiti sio mwisho wa maneno. Nilikuwa tayari kwenda. Lakini kwenda kufungua kesi ni kufunga kibanda siku ngapi? Nikahesabu nikaona hasara itazidi chaja. Kwa hiyo nikaacha, na kuacha kwenyewe kunanikera.

Chaja ya 240 niliipata kwa mtu mwingine kabisa, nilizunguka siku mbili, mtumba pia, 280,000, nyuma imeandikwa 19.5V 12.3A. Hii nilisoma kabla sijatoa pesa. Nzito, ukiiweka kitandani godoro linabonyea.

Na sasa niseme ukweli hata kama unaharibu hasira yangu. Laptopu ni nzuri. Ni nzuri sana jamani. Ile jioni nilichomeka, nikafungua programu ya kupima, wati zikapanda pale pale nilipoziona dukani na zikakaa, saa nzima, saa mbili, feni zinavuma kama jiko la mafuta lakini fremu hazitetereki. Dogo alikuja, tukacheza mpira mechi sita mfululizo, alinifunga nne, kila bao nililiona likiingia wavuni mpaka mwisho. Kwenye mechi ya tano aliweka kidhibiti chini akaniangalia tu. Ilikuwa saa nane usiku. Kwa hiyo mtu akiniuliza laptopu hii ninunue? Nunua. Ukiikuta na kijiti kimoja cha RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ongeza cha pili, mbili zikifanya kazi pamoja gemu inalainika, na usicheze bila kuchomeka maana betri peke yake haiwezi kuilisha kadi hiyo hata kama imejaa. Duka je? Nilikuwa nimeandika hapa kwamba kijana wa kwanza alikuwa mpole na labda hakujua, labda alichukua chaja ya karibu tu, na nikataka kuwapa nafasi. Nimeifuta hiyo sentensi. Aliyechomeka tofali ni yeye, aliyenifungia begi ni yeye.

Halafu juzi nilipita pale, nilikuwa namsindikiza jirani kutengeneza kioo cha simu. Nikachungulia. Kaunta ile ile, laptopu nyingine yenye taa za rangi kwenye kibodi, mvulana amesimama na mama yake, begi la shule mgongoni, macho yamenata kwenye skrini, gari linakimbia safi kabisa. Mama ameshika pochi. Nikainama kama nafunga kamba za kiatu. Utepe mweupe, tofali lile lile.

Niliingia. Sikumsalimia mtu, na kwa mama nilikosa adabu hapo, nikamwambia samahani mama, kabla hujalipa mwambie akupe chaja utakayokwenda nayo nyumbani, aichomeke hiyo. Yule dada akaanza kupiga kelele mpaka duka la pili wakasimama kuangalia. Mama hakuelewa Kiswahili changu, nikarudia kwa Kiganda. Lakini mvulana alikuwa ameshaelewa mara ya kwanza, alishapiga magoti chini ya kaunta, amelivuta lile tofali kwa waya, analigeuza anatafuta maandishi.