Arduino Uno R3 kwenye klabu ya teknolojia chuoni: bado ndiyo bodi ya kuanzia

Kiongozi wa klabu anayepanga kununua vifaa vya kwanza atakuta bodi chungu nzima zenye nguvu kuliko Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu ili iongoze taa, mota na sensa. Chipu yake, ATmega328P, inakwenda kwa megahezi 16, ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Haina Wi-Fi wala Bluetooth. Lakini vifaa vya klabu vinapita mikononi mwa watu wapya kila mwaka, na hapo ndipo Uno R3 inapozishinda nyingine: inavumilia makosa ya wanaojifunza, na ikiharibika inatengenezeka.

Itazame bodi yenyewe. Kwenye R3 ya kawaida, chipu kuu ni ile ndefu nyeusi yenye miguu 28, nayo imekaa kwenye soketi, haikulehemiwa. Mwanachama akigusisha betri ya volti 9 kwenye pini ya kawaida (tundu la kuunganishia waya), chipu inaweza kufa, ila bodi nzima haiendi jalalani. Chomoa umeme, pitisha bisibisi bapa nyembamba chini ya chipu, inyanyue kidogo upande huu na kidogo upande ule ili miguu isipinde, kisha weka nyingine. Kibonyeo cha nusu duara kwenye ncha ya chipu kielekee kule kule kilikokuwa. Chipu mpya iwe imeshawekewa butiloda (programu ndogo inayopokea programu zako), maana ile tupu haipokei programu kupitia USB. Ukiwa na tupu, iwekee mwenyewe kwa kutumia Uno nyingine nzima na mfano wa ArduinoISP uliomo kwenye programu ya Arduino ya kompyuta, ile ya kuandikia na kupakia msimbo. Yapo matoleo ambayo chipu yake ni ndogo ya mraba, imelehemiwa moja kwa moja juu ya bodi. Hayo yanafanya kazi sawa, ila faida hii hayana, kwa hiyo kagua picha kabla ya kuagiza.

Kinga ya pili ni fyuzi inayojirudi yenyewe kwenye njia ya USB. Mtu akipiga shoti kati ya 5V (pini inayotoa umeme) na GND (pini ambako umeme hurudi), mkondo ukapita miliampea 500 kwa kiasi cha kutosha, fyuzi inapata joto na kubana umeme, na poti ya laptopu inasalimika. Dalili yake ni taa ya ON kufifia au kuzima kabisa. Chomoa kebo, tafuta waya uliokosewa, subiri dakika chache, chomeka tena.

Pini zenyewe zina mpaka. Miliampea 20 kwa pini ndicho kiwango salama, na 40 ni ukomo ambao hutakiwi kuukaribia. Taa nyekundu ya LED inachukua takriban volti 2, hivyo rezista (kipande cha kupunguza mkondo) ya omu 220 inaacha kama miliampea 14 zipite. Inatosha kabisa.

Kasoro itakayowasumbua zaidi ni sevo, mota inayogeuka hadi pembe unayoiagiza. Kundi linachomeka sevo ndogo ya SG90 kwenye pini ya 5V, linapakia programu, sevo inatikisika, inasimama, inatikisika tena. Wataanza kufuta na kuandika upya msimbo ambao hauna kosa lolote. Kinachotokea ni kwamba mota inapoanza kuzunguka inavuta mkondo mkubwa kwa ghafla, volti zinashuka, chipu inajiwasha upya, programu inaanza mwanzo, na mota inavuta tena. Ipe sevo umeme wake kutoka betri nne za AA, kisha unganisha GND ya betri na GND ya Uno. Waya huo wa GND ndio husahaulika, na bila huo sevo haielewi ishara inayotumwa. Mota ya kawaida ya DC usiichomeke kwenye pini hata kwa majaribio. Inataka transista (swichi inayoongozwa na pini), na dayodi ya kuzuia umeme unaorudi mota inapozimwa.

Upande wa programu ndiko kipindi cha kwanza huvurugikia. Toleo la 2 la programu ya Arduino, likifunguliwa mara ya kwanza, hushusha vifurushi vya bodi kutoka intaneti. Laptopu 15 zikifanya hivyo kwa pamoja, mtandao wa darasa unakwama na nusu ya muda imekwisha. Toleo la 1.8.19 huja na vifurushi vya Uno ndani yake tayari na ni jepesi kwa laptopu za zamani, kwa hiyo liweke kwenye flashi mbili tatu uzizungushe. Kwenye Linux, mtumiaji aongezwe kwenye kundi la dialout, kisha atoke na kuingia upya, la sivyo poti itamkatalia.

Ujumbe wa "not in sync" wakati wa kupakia wataukuta wote. Kagua kwa mpangilio: poti iliyochaguliwa, aina ya bodi iliyochaguliwa, halafu pini 0 na 1. Pini hizo mbili ndizo bodi inazotumia kuzungumza na kompyuta, na kitu kilichochomekwa hapo huzuia upakiaji. Poti isipoonekana kabisa, shuku kebo kwanza. Kebo nyingine hubeba umeme tu bila data: bodi inawaka taa, kompyuta haioni kitu. Zijaribu kebo zote kabla ya kipindi na zilizo nzima uzifunge utepe wa rangi moja.

Kwa kuwa michoro ya Arduino iko wazi, bodi za kuiga ni nyingi na zinafaa kwa klabu. Nyingi hutumia chipu ya CH340 kwa USB, ambayo kompyuta nyingine huihitajia draiva. Ubaya ni kuchanganya aina tatu ndani ya kabati moja. Hapo kila meza ina tatizo lake.

Kwa wanachama 30, nunua bodi 15 na mbili za akiba. Wawili kwa bodi ni bora kuliko watatu, maana wa tatu hugeuka mtazamaji. Ongeza kebo 20, LED 100, rezista 100 za omu 220 na 50 za kiloomu 10. Bredibodi (mbao za kujengea saketi bila kulehemu) ndefu za matundu 830 zikague: baadhi zina njia za umeme zilizokatika katikati, na saketi iliyojengwa nusu ya pili inakosa umeme bila sababu inayoonekana. Kila seti iwe na boksi lenye namba, orodha ya vilivyomo ibandikwe ndani ya kifuniko, na hesabu ifanyike kabla watu hawajatawanyika.

Uno R4 ya mwaka 2023 ina kasi ya megahezi 48 na kilobaiti 32 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, lakini pini zake zimewekewa ukomo wa miliampea 8. Rezista za 220 mlizozoea kwa LED hazifai tena. Tumieni 470 kwenda juu. Kwa darasa la wanaoanza, hilo linatosha kuniegemeza upande wa R3.

Wanaotaka kupeleka data mtandaoni wapeni ESP32, bodi yenye Wi-Fi, baada ya kuimudu Uno. Pini zake ni za volti 3.3. Sensa ya umbali ya HC-SR04 ikiendeshwa kwa volti 5 hurudisha volti 5 kwenye Echo, pini yake ya kutoa jibu, na Uno huipokea bila shida. Kwenye ESP32, pitisheni Echo kwenye rezista ya kiloomu 1, kisha kutoka mwisho wa rezista hiyo wekeni ya kiloomu 2 kwenda GND, na pini ya ESP32 ichukue ishara hapo rezista mbili zinapokutana.