Winchi ya glaida: waya wa chuma au kamba ya Dyneema?

Kwenye klabu za glaida (ndege zisizo na injini, ambazo winchi huzivuta hadi zipae) za Ujerumani na Uingereza ubishi huu hauishi: waya wa chuma, au Dyneema, kamba ya nyuzi imara za plastiki? Kwa bei, chuma kinashinda, tena kinavumilia kuburuzwa kwenye lami, mahali ambapo Dyneema husagika upesi. Ila waya ukijikunja huacha kifundo, na ukikatika hurudi kama mjeledi. Hapo ndipo mimi huegemea Dyneema: ni nyepesi hata huelea majini, ndege hupanda juu zaidi, na ikikatika unaisuka kwa mkono palepale. Adui yake ni joto la msuguano.

Uwanja wa nyasi na watu wachache, Dyneema. Njia ya lami na mfuko mwembamba, chuma. Kiungo dhaifu, kile kinachokusudiwa kukatika kwanza, usikiache: cheusi huvumilia mvuto wa kilo 1,000 hivi, cheupe 500, na ndege ndiyo inayoamua rangi.