Choo cha kukaa kwa bafu linalokarabatiwa: kipi kwanza, kipi mwisho

Choo hakichaguliwi kwa sura. Kinachoamua ni vitu viwili ambavyo tayari viko nyumbani kwako: tundu la bomba la maji taka na nguvu ya maji yanayoingia. Ukikosea hapo, hata sinki (bakuli la kauri la choo) la bei ya juu litavuja au litaziba.

Anza na tundu. Kama bomba la inchi nne linatokea ukutani, unahitaji sinki la trapu ya P (trapu ni kona ya njia ya uchafu inayobaki na maji ili kuzuia harufu; ya P hutokea nyuma), na katikati ya tundu kwa kawaida huwa sm 18 hivi juu ya sakafu iliyokwisha wekwa marumaru. Kama linatokea sakafuni, ni trapu ya S (hushuka chini), na hapo kipimo muhimu ni umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tundu. Pima kutoka kwenye uso wa marumaru. Ukuta ukiwa bado mtupu, punguza sm 2 hadi 3 kwa ajili ya plasta, gundi na marumaru yenyewe. Boksi la sinki la trapu ya S huandikwa umbali huo kwa milimita: 250, 300 au 400. Sinki la 300 kwenye tundu la 400 litaacha pengo la sm 10 nyuma ya tanki, jambo baya kwa macho lakini choo kinafanya kazi. Sinki la 400 kwenye tundu la 300 haliingii kabisa, na duka halitakurudishia pesa kwa sababu fundi ameshalichafua kwa simenti.

Ukiwa huna uhakika, chukua la P. Kwa kuongeza benda (kiungo cha bomba kilichopinda) ya nyuzi 90 linaweza kushuka sakafuni. La S haliwezi kugeuzwa liende ukutani. Angalia tu kwamba benda inakula nafasi na kulisogeza sinki mbele. Kuna mtego mwingine: ukipiga marumaru mapya juu ya yale ya zamani, sakafu inapanda karibu sm 2, sinki linapanda nayo, lakini bomba la ukutani linabaki palepale. Usimwache fundi alazimishe. Nunua kiunganishi cha mpira kilichopinda kidogo, kinachomeza tofauti hiyo.

Sasa maji. Kila mita moja ya kimo kutoka kwenye tanki la juu hadi kwenye choo inatoa presha ya takriban bar 0.1. Simtanki lililo mita tatu juu ya valvu ya kujazia tanki la choo linakupa bar 0.3 tu, na valvu nyingi za kujazia zimetengenezwa kwa bar 0.5 kwenda juu. Zitajaza, ila polepole, na baadhi hazifungi vizuri. Muulize muuzaji valvu ya presha ndogo, ipo.

Kwa mpangilio wetu wa aina za vyoo, cha kwanza ni choo cha vipande viwili, tanki likiwa limekaa juu ya sinki, chenye flashi mbili za lita 3 na 6, na bakuli ambalo maji yanasukuma uchafu moja kwa moja badala ya kuufyonza kwa saifoni. Utakitambua kwa macho: kuta za bakuli zimesimama na maji yaliyotuama ni machache. La saifoni lina maji yaliyotanda, na mara nyingi kuna kitundu chini kinachorusha maji. Saifoni ni kimya na bakuli lake halichafuki upesi, hilo hatulikatai. Lakini njia yake ni nyembamba, inaziba haraka zaidi, na siku ya mgawo wa maji ukimwaga ndoo mara nyingi haivuti sawasawa. La kusukuma linaondoka na nusu ndoo iliyomwagwa kwa nguvu.

Hesabu ya maji si ndogo. Chukua familia ya watu watano, kila mmoja akiflashi mara tano kwa siku. Tanki la zamani la lita 9 linakula lita 225. La 3/6, kila mtu akitumia kubwa mara moja na ndogo mara nne, linakula lita 90. Simtanki la lita 1000 ambalo lingeisha kwa choo peke yake ndani ya siku nne na kitu sasa linafika siku kumi na moja. Sharti ni bomba liwe na mteremko wa kutosha, sm 2.5 kwa kila mita hadi kwenye chemba. Likiwa limelala, lita 3 zitaacha uchafu njiani, na hapo utalaumu choo bure.

Cha pili katika orodha kitawashangaza wengine: choo cha kuchuchumaa, kama nyumba ina vyoo viwili na maji hayana uhakika. Hakina tanki la kuharibika, lita mbili tatu za ndoo zinatosha, na hakuna kiti cha kugombania. Wazee na wenye magoti mabovu wabaki na cha kukaa (tena kirefu cha sm 43 hadi 48 badala ya sm 40 za kawaida). Kizuizi ni kwamba trapu yake hukaa chini ya sakafu, hivyo ghorofani zege lazima liwe limeshushwa tangu mwanzo. Kubomoa zege kwa ajili ya hili hatushauri.

Choo cha kipande kimoja ni cha tatu. Hakina kiungo kati ya tanki na sinki, kwa hiyo kuna sehemu moja pungufu ya kuvuja, na kukisafisha ni rahisi. Lakini kizito, mara nyingi kilo 40 na zaidi, vingi ni vya saifoni, na tanki likipata ufa unatupa chote. Sinki lenye tanki la plastiki lililofungwa ukutani ni la nne: bei nafuu, vipuri kila duka, sura hakuna.

Choo cha kuning'inia ukutani kinapendeza kwenye picha. Kinahitaji fremu ya chuma iliyofungwa sakafuni, ukuta wa pili wa kuificha, na fundi anayejua kwamba kila kitu kitakarabatiwa baadaye kupitia kitundu cha kitufe cha kuflashi tu. Usikinunue kabla ya kuona dukani vipuri vya valvu yake. Flashi ya moja kwa moja isiyo na tanki, ile ya maofisini, iachie maofisi. Presha ya nyumbani haiitoshi.

Dukani, gonga sinki kwa kifundo cha kidole. Lililo zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu. Liweke kwenye sakafu iliyo sawa uone kama linayumba. Ingiza kidole ndani ya njia ya uchafu: kama ni kavu na ina chengachenga, glezi (tabaka laini la kung'aa) haikufika, na uchafu utang'ang'ania hapo. Beba sumaku. Boliti na nati zikinasa kwa nguvu, mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa juu tu, na kwa maji ya kisima yenye chumvi zitaoza. Dai za brasi au stenlesi. Uliza pia kama kiti na mfuniko vinauzwa peke yake, maana viti vya maumbo ya ajabu havipatikani vikivunjika.

Wakati wa kufunga, sinki lishikwe na skrubu na fisha (vijiti vya plastiki vinavyoshika skrubu ndani ya sakafu). Likizikwa kwenye simenti, siku ya kulitoa utalivunja. Nati zikazwe kwa zamu, kushoto na kulia. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, kauri inapasuka. Zungushia silikoni ila acha uwazi wa sm 5 nyuma, ili kiungo kikivuja maji yajitokeze badala ya kujificha chini. Mwisho, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tanki na usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini wa tanki haukai vizuri: urekebishwe kabla fundi hajalipwa.